Usiingie Jikoni, Rangi Mbichi

Mama Chiriku,

Ukitoka zamu usiingie jikoni. ~~Kama lazima, pita pembeni.~~ Usiingie kabisa! Chupa ya chai nimekutolea hapa mezani.

Asubuhi binti yako alikuwa analia tena na hesabu za mara tatu, eti leo mwalimu anawasimamisha mmoja mmoja. Nikamwambia, "Funga daftari, vua viatu." Nikachora namba sakafuni jikoni kwa chaki, moja mpaka thelathini, tukaanza kuruka: tatu, sita, tisa! Kwanza alikwama kwenye kumi na mbili. Baadaye akafika thelathini bila kusimama, halafu ananicheka: "Baba mzito wewe, umekanyaga kumi na nne!" Mama, kameenda shule kanaruka njia nzima!

Niliporudi nikakuta chaki imefutika kwa miguu yetu. Roho ikaniuma, nikazipitia namba zote kwa rangi ya mageti. Ndiyo, ile isiyotoka. Nuna ukitaka.

Jioni tunaruka za mara saba. Msianze bila mimi, niliacha shule kabla hatujazifikia.

Baba Chiriku