Milango ya Kilimani

Jumanne, 4 Aprili
Nimepewa kilima! Wilaya imegawanywa – mwenzangu kapata mto, mimi mteremko. Kazi: kupima hatari ya maporomoko, kisha kupaka ramani rangi. Kijani, njano, nyekundu. Nyumba ya Mama iko katikati kabisa ya huo mteremko. Sijamwambia Mkuu wa ofisi. Nikimwambia atampa mwingine, na mwingine hatapanda mpaka kwa Mama.

Alhamisi, 6 Aprili
Nimepanda. Matope mpaka magotini. Nguzo za umeme zimeinamia bondeni. Kuna ufa njiani, kiganja changu kinaingia. Watu wananitania – mtoto wa huku huku, leo kaja kutupima! Mama kaniuliza kama ofisini kazi zimeisha.

Kaka yangu, fundi seremala, anachekelea tu. Milango! Safu nzima ya kwa Mama inamwita, milango haifungiki, aje apige randa. Anasema mbao zimekunywa mvua. Nikamuuliza, na nyumba za chini barabarani? Za chini hawamwiti. Lakini mvua si ile ile, Kaka? Akacheka: mvua ya huku ina baraka.

Sikucheka. Si mbao zilizovimba. Ni kuta zinazopinda. Kilima kinatembea, na Kaka anakipigia randa.

Ijumaa, 7 Aprili
Safu nzima nimeipaka nyekundu. Ya Mama nimeipaka mwisho.

Jumatatu, 10 Aprili
Mkuu kaikataa ramani. Nyekundu maana yake kuhamisha watu, na watu wahamie wapi, kwenye meza yake? Njano inatosha. Nikabisha. Akaniuliza kwa upole kabisa: ile yenye bati la buluu si ya mama yako? Watu wasije wakasema unamtafutia kiwanja kipya.

Basi! Huku moto, huku maji. Nimetia sahihi kwenye njano. Hakunishika mkono mtu kunilazimisha.

Jumatano, 12 Aprili
Mkutano kilimani. Nikasimama na ramani yangu ya njano, nikaeleza: njano ni tahadhari, muwe macho. Mwenye duka akadakia – kadi ya njano mtu hatoki uwanjani, anaendelea kucheza! Vicheko, makofi. Mama naye kapiga makofi! Jirani yake alikuwa ameshafunga mizigo. Nimemwona akiifungua, godoro kwanza.

Nilitaka kusema. Mkuu alikuwa kakaa mstari wa mbele, ananitazama. Nikaikunja ramani. Najichukia.

Jumamosi, 15 Aprili
Mvua haijakata tangu jana. Nimekuja kumchukua Mama, kwa heri au kwa shari. Nimemwambia ukweli: Mama, rangi yenyewe ilikuwa nyekundu.

Akasema, mbele ya watu ulisema njano. Sasa mimi nishuke na begi langu, jirani nimwambie nini? Anasema hatoki mpaka niwaambie na majirani. Sawa, nikasema, naanza nyumba ya kwanza sasa hivi.

Nikaenda mlangoni. Haufunguki. Nimevuta, nimepiga teke – wapi! Madirisha yana nondo, tulitia wenyewe kwa kuogopa wezi. Kaka kaja mbio na randa yake. Randa! Mlango uliokwama ukiwa umefungwa unaupigia wapi randa? Yuko nje, kaduwaa.

Mama kaniamuru nikae, eti namtia kiwewe. Nimekaa. Naandika ili mikono itulie. Ufa umetokea juu ya fremu. Asubuhi haukuwepo.

Kaka anauliza avunje au angoje mvua ikate. Mama anasema asivunje, mlango wenyewe mpya, kwani si njano? Nimeng'ang'ania nondo za dirisha, nimepiga kelele mpaka koo limeuma: vunja, Kaka! Ni nyekundu! Ni nyekundu yote, mpaka dukani!

Kaka kakimbilia shoka. Majirani wametoka na miavuli, wamejaa dirishani. Wanaulizana: mpimaji kasemaje?