Mgeni wa Juu ya Boriti

Kuze, Mombasa
12 Februari 1947

Mpendwa ndugu yangu Aidarus,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Unguja? Na kile kikohozi je, kimekuacha? Sisi hatujambo sote, alhamdulillahi, na mkeo Mwanaesha ndiye hajambo zaidi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua barua yangu iliyopita ilikunyima usingizi.

Nilikwambia kuwa amekataa kula na mimba yake kubwa ile, asema nyumbani mna jini na mtoto hatazaliwa hai. Leo nakueleza jini huyo alikuwa nani. Keti kwanza.

Alikuwa nyoka. Wifi yangu alimkuta chooni, amejizonga kwenye boriti, mnene kama mkono wangu (nao waujua), mkia mwekundu. Nikamwita jirani yetu Athmani, yule seremala, ambaye kwa maneno yake ameua nyoka wa kila namna shambani Kisauni. Alikuja na panga, akamtazama, akalishusha.

"Bi Khairiya, huyu si nyoka wa nti hii. Mimi simgusi."

Basi yakawa hayo. Nyoka asiyejulikana na mtu atakuwa nani kama si jini? Mama akamsimamia siku tatu kumpa onyo, kama tulivyofunzwa: "Ikiwa u katika waumini, twakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, tutokee." Mgeni akatoa ulimi tu. Muda ukapita, ikawa halali kumuua, lakini mwanamume wa kumuua hakupatikana Kuze nzima. Tukaanza kumwekea mayai, na mimi nisiyeamini nusu ya hayo nikafukiza ubani kushinda wote. Mayai yakaliwa. Sasa najua yaliliwa na panya, na panya wakaliwa na mgeni.

Mwanaesha alikuwa akikonda nikimwona. Uji anaupokea, anaushika mpaka unapoa, ananirudishia. Niliogopa sana, Aidarus. Nilikuwa nikiingia jikoni kulia.

Ubani uliponiishia nikaenda Ndia Kuu, dukani kwa Tayebali. Akaniuliza nani kafiwa, maana ubani niliotaka ulikuwa mwingi wa kutosha matanga. Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Bibi, huyo si jini. Ni nyoka wa mpangaji wangu."

Kumbe chumba chake cha juu alimkodishia baharia wa Kizungu aliyefuga nyoka sandukuni, kamtoa huko Amerika. Meli ya kuondokea haikutaka nyoka, naye baharia akamfungulia dirishani akaenda zake! Tayebali alijua, akanyamaza kwa kuogopa lawama. Nilimpa maneno yake palepale, wateja wakisikia.

Aliyekuja kumtoa ni mke wa Tayebali, Bi Khairunnisa, aliyekuwa akimtilia nyoka maji alipokuwa kwa baharia. Alipanda kiti, akamteremsha polepole kama anayeanua nguo, akatwambia hana sumu. Athmani alisimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Mwanaesha akachungulia toka chumbani. "Amekula huyo?" akauliza, akimwonyesha nyoka. Kisha akauliza uji uko wapi. Alimaliza bakuli akataka jingine, na Mama akalia, nami nikalia, safari hii bila kujificha. Nyoka amepakiwa gari la moshi, aenda kwa Mzungu mmoja wa Nairobi afugaye wanyama.

Uliniuliza kama uombe ruhusa kazini uje. Jana nikimsuka mkeo nilimwambia nitakuandikia usihangaike, hofu imekwisha. Akanizuia mkono wenye chanuo.

"Wifi, nyoka katoka. Lakini mimi naogopa kuzaa naye hayupo."

Mambo ya nyoka tumeyamaliza wenyewe. Hili hatuliwezi bila wewe, basi njoo.

Tusalimie Shangazi Hajra na Faraj na watoto wake. Mama akuombea dua kila sala. Mola akuvushe salama, akufikishe kabla ya siku ya mkeo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikikugombeza,
Khairiya