Mawe Meupe ya Kona ya Misima

Mama, shikamoo. Leo tumemaliza ile kona ya Misima ambako lori la mkonge lilipinduka na kaka Salimu. Tumeipanua, tukapanga mawe ukingoni na kuyapaka chokaa ili madereva wayaone hata kwenye ukungu.

Bibi mmoja wa hapa alitua kuni zake akauliza kwa sauti ya chini, “Wamelala wangapi hapa?” Alidhani ni makaburi. Nyapara akacheka. Mimi nikamjibu, “Mmoja, bibi.” Akainua mikono, akamwombea dua.

Najua Salimu amelala hapo Mpale, nyuma ya nyumba, lakini sikumsahihisha.

Jifunike vizuri, mama, baridi isikuingie kifuani. Ukienda kupalilia pale kwake, mwambie kona imetengenezwa.

Mwanao, Hamisi