Nilisimama Katika Tangazo Langu la Ndoa

Mpendwa Mama Biasha, amahoro. Naomba unisaidie, maana kichwa changu hakinisikii tena. Mimi ni Schékinah, nakamua mawese hapa Minago, mchumba wangu Bienfait ni mvuvi, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka nilipoazima riwaya moja ya upelelezi, ambamo mpelelezi anasema kulikuwa na mwanafalsafa wa zamani aliyeshuku kila kitu, aliyefundisha kwamba jua kuchomoza jana na juzi hakuthibitishi kuwa litachomoza kesho, sisi tumezoea tu, na kwamba mtu huyo akichoka kushuku alikuwa anafunga vitabu anakwenda kula na rafiki zake, basi mimi nikabaki na lile la jua, nikajiuliza, Bienfait kunipenda miaka miwili kunathibitisha nini, labda naye amezoea tu, na Jumapili ya tatu ya matangazo mchungaji alipotangaza ndoa yetu na kuuliza kama kuna anayejua kizuizi, nilisimama mimi mwenyewe, bibi harusi, nikasema sijui kama atanipenda kesho.

Tukirudi nyumbani mama aliniuliza, "Schékinah, uko na akili kweli?" Bienfait alisema tu, "Kama haujue, nitangoja." Tangu siku hiyo hatujaongea, ila kila asubuhi akitoka ziwani anaacha beseni la ndagala, dagaa wa ziwa letu, mlangoni kwetu, nami sielewi kama ni upendo au ni mazoea, na harusi ni mwezi ujao, nampenda na naogopa, nifanye nini?

Schékinah, Minago

Schékinah mwanangu,

Pole. Kuogopa ndoa si kosa. Kumwaibisha kijana wa watu kanisani kwa ajili ya kitabu cha kuazima, hapo sikutetei.

Unataka uhakika wa kesho, na hakuna aliye nao. Unajuaje kwamba kesho moto utachemsha chikichi zako? Hujui, lakini kiberiti unawasha. Hata huyo mwanafalsafa alishuku weee, halafu akaenda kula na wenzake. Umeliandika mwenyewe, kisha ukaliruka. Umechukua mashaka yake, chakula ukamwachia.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi usingoje beseni mlangoni. Shuka ufukweni, umwombe msamaha mbele ya wavuvi wenzake, maana ulimwaibisha mbele za watu. Falsafa usimweleze. Jumapili mwombe mchungaji usimame palepale useme: kesho siijui, ila huyu namtaka. Kitabu mrudishie aliyekuazima.

Na kuna jambo hukuliona. Bienfait naye hajui kama utamkubali, mashaka yako ulimwonyesha mbele ya kanisa zima. Na ndagala bado analeta.

Mama Biasha