Kurasa Kumi na Sita

3 Machi

Mwanangu,

Habari za huko, na kifua chako? Sisi wazima, ila macho ya mama yako yanazidi kuingia ukungu. Kiinua mgongo changu kimetoka. Kwa upasuaji wake hakitoshi, basi nataka kukizalisha kwa akili, si kukurupuka. Wewe unashinda na vitabu. Fundi cherehani mstaafu asome nini kabla ya kuwekeza?

Baba yako

12 Machi

Shikamoo baba,

Kifua kimetulia, gundi ya hapa kiwandani tu inanikereketa. Nimekutumia vitabu viwili tulivyojalidi wenyewe. Anza na kile chembamba, cha hisa. Cha kijani ndicho hasa: kisome chote kabla hujatoa hata senti. Nimevipata bure kwenye rundo la kasoro, majalada yamepinda kidogo tu. Mwambie mama asiyafikiche macho.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nasoma kama mtu wa mtihani, mama yako ananicheka. Ila cha kijani kinaruka, ukurasa wa 64 halafu 81. Au ndivyo wataalamu wanavyoandika? Kuna bwana mmoja mpole ana mfuko wa uwekezaji, anaahidi faida ya uhakika kila mwezi. Nimetafuta kitabuni kama kuna ubaya, sikuona. Nakungoja hadi tarehe kumi, maana nafasi zinafungwa.

Baba yako

29 Aprili

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisoma leo, nilikuwa nimelazwa kwa kifua. Usimpe kitu huyo bwana. Kurasa zilizokosekana ni sura ya matapeli, na faida ya uhakika ndiyo dalili ya kwanza. Fungu hilo la kurasa kumi na sita nalikunja mimi kila siku, na sikukagua. Nimelitia humu. Nisamehe baba. Nijibu upesi.

Binti yako

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kuugua. Sisi tupo. Kwenye ofisi ya yule bwana sasa wanauza magodoro.

Fungu lako nililificha chini ya cherehani, mama yako akalipapasa, akataka nimsomee. Siku hizi anaona mwanga wa dirisha tu, na daktari anasema tumechelewa. Tumefika ukurasa wa 71. Nikinyamaza ananishika goti, ananiambia, "Soma, mzee, na mimi nijue."

Usijilaumu, nilitoa mwenyewe. Tukimaliza nitazishona kurasa mahali pake. Uzi ninao. Aliyekuwa akinitungia sindano ni mama yako.

Baba yako