Injini ya Nyuma

Rangwe

Bosibori mke wangu,

Natumaini huko Magunga kwa wazazi wako mko salama. Hapa mvua imenyesha vizuri, na yule kuku wako mweusi siku hizi anatagia chini ya gari.

Ile gari nyekundu nimeiuza. Watu wananishangaa, maana injini yake iko katikati, mgongoni mwa dereva, na uzito umekaa sawa. Kwenye kona ilikuwa inageuka kabla sijamaliza kuwaza. Hii nyeupe niliyonunua badala yake, injini iko nyuma kabisa. Pua yake ni nyepesi, na ukitoa mguu kwenye mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unataka kutangulia. Lazima uiheshimu. Lakini nyekundu ilikuwa na viti viwili tu. Nyeupe ina vingine viwili vidogo nyuma.

Ulipoondoka ulisema gari zangu hazina nafasi ya mtu. Sibishani na wewe.

Unajua mume haendi kwa wakwe kumwomba mke arudi bila wazee wa kumsemea. Nitakuja Jumapili na baba mdogo Omanga na Mzee Bichage wa kanisani. Jana waliingia nyuma kujaribu. Magoti ya baba mdogo yaligusa kidevu, akauliza kwa ukali mbona mmoja wao asikae mbele.

Nikamwambia kiti hicho kina mwenyewe.

Ni mimi mumeo,
Jared Orina