Kompyuta Imemwona Baba Kelele

Jumatatu, 3 Juni
Nimemwosha Baba, nimemlisha uji, kazini nimechelewa tena. Hapa steshenari Ikwiriri mimi ndiye narekodi matangazo na kuyasafisha sauti. Leo la wanunuzi wa ufuta. Pikipiki, kuku, upepo, vyote nimevitoa. Hiyo kazi naijua.

Mchana mdogo wangu Mwanahawa kapiga simu kutoka Kigoma anakofanya kazi. Ndoa Jumapili, hukohuko. Baba hawezi kusafiri tangu kiharusi, ila kashikilia kumwozesha mwenyewe, kwa simu. Shehe wa kule anataka kwanza tumtumie sauti, asikie kama maneno yanatoka sawasawa. Nimemwambia Mwanahawa asiwe na wasiwasi.

Jumanne, 4 Juni
Mashine ya kukoboa mpunga imepakana na ukuta wetu. Msimu huu inanguruma kutwa. Nimemrekodi Baba hivyohivyo, mlango nimefunga. "Nimekuozesha binti yangu Mwanahawa." Kasema yote, jasho linamtiririka.

Kazini nikabonyeza kuondoa kelele. Mashine ikatoka. Baba naye akatoka. Kimebaki kikohozi chake tu.

Nimerudia mara tisa. Programu ya kishenzi.

Ijumaa, 7 Juni
Mashine wameizima kwa swala. Nikawahi kumrekodi Baba upya. Kimya kabisa. Nimetuma kama ilivyo, sikugusa kitu.

Shehe kajibu kwa upole: anasikia mzee anaguna, maneno hayamo. Nikasikiliza tena. Yamo. Yote! Mwaka mzima namsikiliza mimi, nimeshamzoea. Kigoma hawajamzoea. Sasa nifanye nini mie?

Nimelia chooni, bomba nimelifungulia.

Jumamosi, 8 Juni
Shehe kasema Baba amwachie mdogo wake aozeshe kwa niaba yake, maana baba mdogo keshafika Kigoma. Akiitikia kwa kichwa mbele ya mashahidi, inatosha. Wamekuja majirani wawili. Wakamuuliza. Baba hakuitikia. Kanigeukia mimi.

"Wewe nilikuozesha kwa mdomo huu."

Majirani wakauliza anasemaje. Nikawaambia. Wakatazama chini. Wakamuuliza tena, na tena, mpaka akaitikia. Alikuwa kachoka tu, mimi nilimwona. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Jumapili, 9 Juni
Nimemvika kanzu. Nimemnyoa. Simu nimeiweka juu ya mto, sauti juu.

Baba mdogo kaozesha vizuri, neno kwa neno. Bwana harusi kakubali. Vigelegele. Halafu simu ikakatika.

Baba hakujua. Kainamia simu, kasema maneno yake yote, polepole, mpaka mwisho. Kisha kaniuliza kama wamesikia.

Nimemwambia wamesikia.